Mwaga begi mkekani kwanza: maandalizi ya vifaa vya shule kabla ya Januari

Shule zikifungwa Desemba, mabegi hutupwa nyuma ya mlango na hakuna anayeyagusa mpaka zimebaki siku nne kufungua. Ndipo Tanga nzima hukutana sokoni Ngamiani kwa siku moja, jua la utosi, fundi cherehani hapokei tena kazi, na daftari la juzi leo lina bei yake nyingine. Nimekuwa kwenye msongamano huo miaka mingi. Pesa nyingi niliyowahi kuokoa niliiokoa nyumbani, sijakanyaga hata kizingiti cha duka.

Kwa hiyo anza na begi. Limwage lote mkekani, mtoto mwenyewe akiwepo. Desemba iliyopita kwetu zilitoka rula tatu, penseli nyingi fupi kama kidole gumba, mkebe mzima uliokosa bikari tu, na daftari la kurasa 80 lililoandikwa kurasa 22. Bikari inauzwa peke yake, huna haja ya mkebe mwingine. Lile daftari likate kurasa zilizoandikwa, unganisha na jenzake kwa sindano ya gunia na uzi imara, na umepata daftari la hesabu za nyumbani. Mtoto atanuna. Mwache anune.

Pili, pata orodha ya shule kabla ya kufungua pochi. Tangu Januari 2016 shule za serikali hazitozi ada kuanzia msingi mpaka kidato cha nne, na mwaka 2022 Serikali ikaongeza cha tano na cha sita, lakini sare, madaftari na kalamu vimebaki mikononi mwetu. Anayeingia kidato cha kwanza ana fomu ya kujiunga; isome mpaka mstari wa mwisho, maana rangi ya sketi na aina ya viatu viko humo. Kwa wa msingi, muulize mwalimu wa darasa: kaunta buku au daftari la kawaida? La mistari au la miraba? Vitabu navyo usivinunue kwa mazoea. Mtaala mpya ulianza kutumika 2024, na kitabu alichoachiwa na kaka yake huenda hakifundishwi tena. Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka vitabu vyake kwenye maktaba yake ya mtandaoni, vinasomwa bure, hata kwa simu.

Tazama pia kalenda ya mitihani ya majirani. Darasa la saba humaliza Septemba, kidato cha nne humaliza Novemba. Watoto hao wanarudi nyumbani na tranka, ndoo, jembe, sketi na mashati ambayo mama zao hawajui wayapeleke wapi. Piga hodi mapema, kabla vitu havijapelekwa kwa shangazi Muheza. Mimi tranka la mwanangu nililipata hivyo, kwa sahani ya visheti.

Sare ndiyo yenye mambo. Nunua kitambaa mwenyewe, kisha umpelekee fundi Novemba, wakati bado ana nafasi ya kukusikiliza. Kitambaa cha pamba kiloweke na kukianika kabla ya kukatwa, kirudi mapema badala ya kurudi mwilini. Na usiondoke bila kutaja upindo. Fundi wangu wa Makorora aliniambia siku moja, huku chaki iko sikioni, "Mama, huyu anakua kama mgomba, nikuachie inchi tatu?" Akaacha tatu chini, na moja kila upande kiunoni. Sketi ile ilivaliwa miaka mitatu. Kila upindo ukishushwa, hubaki mstari wa bluu iliyokoza pale jua halikuwahi kufika, ukiutazama unajua mtoto kaongezeka kiasi gani.

Sweta kwa Tanga hii ni kumwonea mtoto tu, isipokuwa kama shule imelitaja, au kapangiwa bweni Lushoto. Huko baridi haina utani. Tafuta sweta zito na blanketi kwenye mitumba mapema.

Viatu usibane. Niliwahi kununua vya bei ya kutupa, nikajisifu njia nzima, na masika yalipoingia Machi soli ikafunguka mdomo kama chewa. Pima mguu jioni, wakati umeshavimba kidogo, mtoto kavaa soksi. Kama huendi naye sokoni, pima unyayo kwa kijiti, ukate, uende nacho. Ongeza upana wa kidole gumba mbele. Ukivinunua, vipitishe kwa fundi viatu avishone soli pembeni kote vikiwa bado vipya, kwa sababu gundi peke yake haiwezi madimbwi yetu.

Pesa yenyewe? Kama unacheza upatu, zungumza na kijumbe mwanzoni mwa mzunguko, zamu yako iangukie Novemba. Kila mzazi anaitaka Novemba, kwa hiyo wahi. Madaftari na kalamu tunanunua kwa jumla, akina mama watatu wa mtaa mmoja, tunagawana barazani. Mmoja ashike orodha na mmoja ashike pesa, asiwe yule yule, nawaambia kwa mapenzi.

Kisha kuna la mwisho, na hili hufanyika baada ya kununua. Usimkabidhi mtoto madaftari yote siku ya kwanza. Mpe moja kwa kila somo, mengine yafungie sandukuni, na sharti liwe kwamba anayetaka jipya alete la zamani lililojaa. Mwezi wa pili mwanangu aliniletea la sayansi, uso umekunjamana, anasema limekwisha. Nikalipekua polepole mbele yake. Katikati kulikuwa na kurasa sita nyeupe pee, na ya saba imechorwa meli, yenye bendera na mabaharia watano. Akalichukua, akarudi nalo darasani.