Kutunza planshi asilia za bédé ukiwa Goma: hatua kwa hatua

Planshi asilia, yaani ukurasa wa bédé (hadithi ya michoro) uliochorwa kwa mkono, ni karatasi moja tu. Kitabu kilichochapishwa kikiungua, utatafuta kingine. Karatasi ambayo mchoraji mwenyewe aliipitishia penseli, halafu wino, halafu rangi nyeupe ya kufunika makosa, haina ya pili. Ndiyo maana ukurasa mmoja wa Spider-Man uliochorwa na Mike Zeck uliuzwa Marekani Januari 2022 kwa zaidi ya dola milioni 3.3, na mchoro wa Hergé wa mwaka 1936, uliokusudiwa kuwa jalada la kitabu cha Tintin, ukauzwa Paris Januari 2021 kwa euro milioni 3.2. Huo wa Hergé uliwahi kukunjwa, na alama za mikunjo zinaonekana mpaka leo.

Planshi tulizonazo Goma hazifiki bei hizo. Wengi wetu tuna kazi za wachoraji wa Kivu, Kinshasa na Lubumbashi, tulizozinunua mikononi mwao wenyewe. Mwenye bahati ana ya Mongo Sisse au Barly Baruti. Lakini ni kumbukumbu ya uchoraji wetu, na nyingi zinaharibika majumbani kwa sababu hakuna aliyewaonyesha wenyewe namna ya kuzitunza.

Miongozo mingi ya kutunza karatasi imeandikwa kwa ajili ya miji isiyo na volkeno. Sisi tunaishi chini ya Nyiragongo na Nyamulagira, milima inayotoa gesi ya salfa kwa wingi kuliko karibu volkeno zote duniani. Mara nyingi upepo huusukuma moshi huo magharibi, upande wa Masisi na Sake, lakini siku nyingine unatushukia. Angalia bati za Goma zinavyoshika kutu. Gesi hiyohiyo ikiingia kwenye karatasi na kukutana na unyevu hugeuka asidi, na asidi hukata nyuzi za karatasi hadi inakuwa kavu na kuvunjika ukiikunja.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu, na kila hatua hapa chini inautegemea: asilia ikae gizani ndani ya sanduku linalobebeka, na ukutani itundikwe nakala.

Hatua ya 1: Tambua kilichomo kwenye karatasi

Weka planshi mezani, nawa mikono na uikaushe vizuri, halafu mulika tochi kutoka ubavuni, mwanga ukilala juu ya karatasi. Utaona mambo ambayo mwanga wa juu hauonyeshi: rangi nyeupe iliyoinuka, vipande vilivyobandikwa, mikwaruzo.

Wino mweusi wa China hauna shida na mwanga, kwa sababu weusi wake ni kaboni. Kinachochakaa ni karatasi iliyo chini yake. Kalamu za marka, biki na wino wa rangi wa chupa ndizo dhaifu kabisa: nyingi hupauka zikikaa miezi michache tu mbele ya dirisha la jua. Rangi za maji na guashi (rangi ya maji iliyo nzito) ziko katikati, hutegemea rangi yenyewe. Ukiona vivuli vya nukunuku vilivyokatwa kwenye filamu ya plastiki na kubandikwa, jua kwamba gundi yake husinyaa na kugeuka njano. Viputo vya maneno vilivyobandikwa kwa gundi ya mpira vitabanduka siku moja. Kipande kikibanduka usikirudishie kwa gundi ya dukani: kitie kwenye bahasha ndogo na uihifadhi pamoja na planshi.

Usifute chochote. Penseli ya bluu, vipimo vya pembezoni, maagizo kwa mchapishaji, alama ya kikombe cha kahawa cha mchoraji: vyote ni sehemu ya asilia, na mnunuzi anayejua kazi hii huvitafuta.

Hatua ya 2: Piga skani kabla ya kitu kingine chochote

Tumia skana ya kulaza, kwa dpi 600 (nukta 600 kwa inchi). Kwenye nyumba za fotokopi kataa kabisa mashine inayovuta karatasi kwa magurudumu. Itang'oa vilivyobandikwa na kukunja pembe. Kama skana ni ya A4 na planshi ni A3 au zaidi, piga nusu mbili zinazopishana kidogo, uziunganishe kwenye kompyuta. Piga na upande wa nyuma.

Andika jina la mchoraji, vipimo kwa sentimita, ulinunua lini, kutoka kwa nani, na dosari ulizozikuta. Kama mchoraji yuko hai, mwombe barua fupi yenye sahihi inayosema kazi ni yake. Nakala moja ya faili hizi ibaki kwako, nyingine iende kwenye intaneti, nyingine kwa ndugu aliye nje ya Goma.

Hatua ya 3: Ondoa vinavyodhuru, acha usivyoweza

Pini, stapla na klipu za chuma zitoke zote. Kwa hewa yetu zinashika kutu upesi, na alama ya kutu haitoki kwenye karatasi. Gazeti au katoni ya kahawia iliyowekwa nyuma ya planshi nayo itoke, maana ina asidi na huipitisha kwa jirani yake.

Skochi (utepe wa gundi) ya zamani iache. Najua inaudhi kuiona imegeuka rangi ya chai, lakini ukiivuta utaondoka na ngozi ya karatasi na wino juu yake. Hiyo ni kazi ya fundi wa makumbusho mwenye dawa zake.

Hatua ya 4: Karatasi na plastiki zinazogusa planshi

Hapa ndipo pesa zako ziende kwanza. Kosa ninaloliona kila mara ni mifuko ya plastiki laini yenye harufu kali, ile ya kuwekea vyeti. Hiyo ni PVC. Hutoa kemikali zinazolainisha wino, na baada ya muda mchoro hugandamana na plastiki. Itoe mifuko hiyo leo hii.

Plastiki salama ni tatu: poliesta, polipropilini na poliethilini. Bora ni poliesta. Maduka ya vifaa vya kuhifadhi nyaraka huiuza kwa jina la Mylar au Melinex. Ni angavu, ngumu, haina harufu. Sijaikuta ikiuzwa madukani hapa Goma, kwa hiyo mwagize ndugu anayetoka Nairobi, Kigali au Ulaya. Pakiti haina uzito mkubwa. Chagua mfuko unaozidi planshi kwa sentimita mbili kila upande, na usiufunge pande zote. Acha upande mmoja au miwili wazi.

Poliesta ina tatizo moja: huvuta vumbi kwa umeme wake wa msuguano. Planshi yenye makaa ya kuchorea, pasteli au guashi inayomeguka usiiweke humo, rangi itanasa kwenye plastiki. Hiyo itie ndani ya fardi, yaani folda, ya karatasi isiyo na asidi.

Nyuma ya kila planshi, ndani ya mfuko huohuo, weka karatasi yenye kalsiamu kaboneti. Hii ndiyo kinga yetu hasa dhidi ya moshi wa mlima, kwa sababu kaboneti huila asidi kabla haijafika kwenye mchoro. Na habari njema ni kwamba huhitaji kuiagiza mbali. Karatasi nyingi za fotokopi za siku hizi zinatengenezwa na kaboneti ndani. Kwenye Birere au popote unaponunua rimu, geuza pakiti utafute alama ISO 9706, ambayo ni kipimo cha kimataifa cha karatasi ya kudumu. Rimu moja ya A3 yenye alama hiyo inatosha mkusanyaji kwa miaka.

Hatua ya 5: Sanduku

Planshi zilale, zisisimame na zisiviringishwe. Zikisimama bila kubanwa hupinda. Zikiviringishwa, rangi nyeupe hupasuka.

Watu wengi wanataka kabati la mbao kutoka kwa seremala. Mimi silipendi. Mbao mbichi hutoa mvuke wa asidi kwa muda mrefu, kabati halibebeki, na mchwa wanalijua. Chukua sanduku la katoni ya kuhifadhia nyaraka kama utalipata. Kama hukulipata, sanduku la chuma lililopakwa rangi vizuri na kukauka hadi harufu iishe linafaa. Ukubwa wa sentimita 35 kwa 48, kina cha 8, huchukua A3 na mifuko yake na bado motari (dereva wa pikipiki) atalibeba. Planshi kubwa zaidi zipe fardi ngumu ya wasanifu yenye kamba. Ndani ya sanduku la chuma panga karatasi za ile rimu chini na kandokando.

Usilijaze mpaka ushindwe kulinyanyua kwa mkono mmoja. Afadhali masanduku mawili mepesi.

Liweke juu ya rafu, si chini sakafuni, mbali na ukuta wa nje. Na mbali na chumba kinachopakana na jiko la makala (makaa ya kupikia): masizi na gesi za makala vinafanya kazi ileile ya mlima, ila kila siku na kutoka karibu zaidi. Nyumba za mbao hupitisha moshi huo kwenye kila upenyo, kwa hiyo humo sanduku lifungwe vizuri na kufunikwa kitambaa cha pamba.

Hatua ya 6: Unyevu

Kipima unyevu kidogo cha dijitali kiwe ndani ya sanduku. Lenga kati ya asilimia 40 na 55. Kikipita 65 na kubaki huko, ukungu utaota. Msimu wa mvua ongeza jeli ya silika, ile ya punje zinazobadilika rangi zikishiba maji, ikiwa imefungwa kwenye kitambaa na haigusi planshi. Ikishiba, ikaushe kwenye oveni ya nyuzi 120 hivi kwa saa chache. Vipakiti vinavyokuja na viatu usivitegemee. Mara nyingi vimeshashiba kabla hujavipata.

Hatua ya 7: Ukutani

Ile skani ya dpi 600 ichapishe kwa ukubwa uleule kwenye karatasi nene isiyong'aa, uitie kwenye fremu. Andika nyuma yake kwamba ni nakala. Wageni wataifurahia, watoto wataigusa, jua litaipausha, na wewe utachapisha nyingine. Makumbusho yenyewe hayaachi kurasa zao asilia ukutani mwaka mzima. Huzibadilisha, kwa sababu madhara ya mwanga hujumlishana na hayarudi nyuma.

Ukitaka kuonyesha asilia kwa muda, labda kwa maonyesho au sikukuu ya nyumbani, isizidi miezi mitatu, kwenye mwanga hafifu wa luksi 50 hivi, ambao ni kipimo cha makumbusho kwa kazi za karatasi. Balbu za LED ni bora kuliko dirisha. Fremu yake iwe na paspatu isiyo na asidi, ile karatasi nene yenye dirisha katikati, ili mchoro usiguse kioo. Ukigusa, unyevu utaugandisha hapo. Shika planshi kwa vipembe vya karatasi vinavyobandikwa kwenye ubao wa nyuma, gundi isiguse mchoro kamwe. Chagua pleksi (plastiki ngumu angavu) yenye kichujio cha miale ya UV badala ya kioo. Ardhi yetu hutetemeka, kama ilivyotetemeka siku nyingi mfululizo baada ya mlipuko wa Mei 2021, na kioo kikianguka hukata karatasi. Kwa pasteli na makaa tu ndipo kioo kinafaa, kwa sababu pleksi nayo huvuta vumbi. Tundika kwa misumari miwili, kwenye ukuta wa ndani.

Hatua ya 8: Siku ya kuondoka

Tarehe 17 Januari 2002 lava ilipita katikati ya mji hadi ziwani. Tarehe 22 Mei 2021 ilisimama Buhene, ukingoni mwa mji, na siku tano baadaye ikatoka amri ya kuhamisha sehemu kubwa ya mji. Watu wakakimbilia Sake, Gisenyi na Bukavu. Vita navyo vimetufundisha kufunga mizigo haraka. Watu kwanza, daima. Lakini sanduku lililo karibu na mlango, lenye mpini, na ambalo kila mtu mzima nyumbani analijua, halimchelewesha yeyote.

Lifunike kwa turubai, maana kwenye boti ya Bukavu maji hurukia mizigo. Usilifunike kwa mifuko ya plastiki ya kubebea kama unakwenda Gisenyi: Rwanda imeipiga marufuku na utanyang'anywa mpakani, ubaki na sanduku wazi kwenye mvua. Ndani ya kifuniko bandika orodha ya planshi na namba ya simu ya ndugu aliye mji mwingine.

Hatua ya 9: Ukaguzi

Fungua sanduku mara mbili kwa mwaka, mwanzo wa mvua na mwanzo wa kiangazi. Tafuta madoa ya kahawia, harufu ya ukungu, kinyesi cha mende, na yule mdudu mdogo wa rangi ya fedha asiye na mabawa, anayekula wanga ulio kwenye karatasi. Planshi yenye ukungu itenge kwenye fardi yake, ikauke kivulini. Usiifute kwa kitambaa chenye maji. Usitie naftalini sandukuni. Usafi na jeli kavu vinatosha.

Karatasi za ISO 9706 zilizo nyuma ya planshi zitazame kingoni, kwa sababu gesi huingilia huko. Kingo zikianza kuwa na rangi ya kahawia, au ukihisi karatasi imekuwa kavu na ngumu kuliko ile iliyobaki kwenye rimu, zibadilishe zote siku hiyohiyo, na uandike tarehe kwenye orodha ya kifuniko.