Kurekodi mchezo wa kuigiza kwa mkupuo mmoja na kamera mbili

Mkanda wa video ulipokuwa haujaenea, mtayarishaji wa tamthilia za televisheni mara nyingi ndiye aliyekuwa pia mwongozaji, na mchezo ulirushwa ukiwa unachezwa. Rudolph Cartier wa BBC, shirika la utangazaji la Uingereza, alirusha mchezo wa Nineteen Eighty-Four tarehe 12 Desemba 1954. Tarehe 16 waigizaji wakaucheza upya, maana marudio siku hizo yalikuwa kuigiza tena. Mbinu hizo zinakifaa kikundi cha Mwanza chenye ukumbi na vifaa vya kukodi kwa siku moja.

Anzeni na karatasi. Ukurasa uwe na safu mbili: kulia maneno, kushoto namba ya picha, kamera na ukubwa (uso, kifua, mwili mzima). Pigeni mstari kwenye neno lenyewe ambapo picha inabadilika. Kosa la kila mara ni kuipa kamera ya 1 picha mbili mfululizo kwenye seti (mahali pa onyesho) mbili; haiwezi kufika. Kamera ya 2 ishike picha walau sekunde 15 mwenzake akihama. Seti zichorwe sakafuni kwa solotepu, na nyaya zote zitoke upande mmoja, la sivyo zitasokotana.

Kinachowashinda wengi ni kubadili nguo. Mvuvi yuko mwaloni, kwenye ufuko wa kupakulia samaki, na shati lililolowa, onyesho linalofuata yuko msibani na kanzu. Cartier aliziba mapengo kama hayo kwa vipande vya filamu vilivyopigwa mapema. Nanyi pigeni chenu Mwaloni Kirumba au kivuko cha Kamanga, baada ya kupata ruhusa. Urefu wake haukisiwi: mpimeni mwigizaji kwa saa akibadili nguo, akifika kwenye alama yake na kutuliza pumzi. Ikitoka sekunde 45, kipande kiwe 60 au zaidi. Kikiwa kifupi, kamera itamkuta anafunga vifungo. Mwisho wake uwe picha tulivu ya maji au chombo, inayokatika popote bila mtazamaji kushtuka.

Kamera zote: fremu 25 kwa sekunde, shata (muda ambao kila fremu hupokea mwanga) sekunde 1/50. Umeme wetu ni wa 50 Hz (mizunguko 50 kwa sekunde), na kwenye 1/60 baadhi ya taa hupepesa. Kipimo cha rangi nyeupe (white balance) kiwekwe kwa mkono, kisiachwe otomatiki. Kamera zitumie betri. Swicha ya video, yaani kifaa cha kuchagua picha ya kamera ipi irekodiwe, iwe kwenye UPS (betri ya akiba umeme ukikatika).

Rekodini mchana. Usiku wadudu wa ziwani hufuata taa na kujaa kwenye lenzi kama vumbi. Mvua ikipiga mabati, subirini. Sauti hiyo haisafishiki.

Mwigizaji akisahau maneno, msisimame. Zamani mkumbushaji alikuwa na kitufe cha kukata sauti wakati akinong'ona. Kwenu fundi sauti akae karibu na mkumbushaji, akiinuliwa mkono ashushe sauti ya maikrofoni, akiteremshiwa aipandishe.