Oili na dawa za gia otomatiki ya lori: jinsi ya kuchagua bila kuua giaboksi

Kabla hujanunua hata lita moja, hakikisha kwanza hiyo unayoiita otomatiki ni otomatiki kweli. Malori mengi makubwa ya siku hizi hayana pedeli ya klachi na yanabadili gia yenyewe, kwa hiyo kila mtu anasema otomatiki, lakini ukiifungua unakuta giaboksi ya manyuo na klachi kavu ya kawaida kabisa, ila anayekanyaga klachi na kuchagua gia ni kompyuta. Volvo I-Shift iko hivyo, ZF AS Tronic iko hivyo, Scania Opticruise na Eaton UltraShift ni ukoo huohuo. Hizo zinakula oili ya gia iliyoandikwa kwenye kitabu chake, sio ATF (oili maalum ya gia otomatiki), na huko ATF ni nyepesi mno kwa yale meno. Otomatiki yenyewe ni ile yenye toku konveta (chombo kinachopitisha nguvu ya injini kwa oili badala ya klachi kavu), mfano giaboksi za kampuni ya Allison, au ZF EcoLife kwenye mabasi, au zile za pikapu kubwa. Hapa naongelea hizo.

Sasa kwanini ATF sio "oili tu"? Kwasababu inafanya kazi nyingi kwa mpigo. Inabeba nguvu ya injini ndani ya konveta, inasukuma pistoni za klachi kwa presha, inalainisha meno na beringi, inatoa joto kwenda kwenye kula (kipoza oili), na juu ya yote zile pleti za klachi zinashikana zikiwa zimelowa humo humo. Yaani unataka kitu kinacholainisha vyuma lakini kisizidishe utelezi kwenye pleti, maana pleti zikichelewa kushika zinaungua na zikishika ghafla gari inakurusha. Hicho kipimo cha utelezi kila kiwanda kimepiga hesabu yake, ndo maana spec (viwango vya oili vya kila kiwanda) zinatofautiana na ndo maana kuchagua kwa rangi ni kujidanganya. Ule wekundu ni rangi tu iliyotiwa, kazi yake ni uitambue ikivuja, haikuambii chochote kuhusu spec.

Kwahiyo unachotafuta ni namba ya spec kwenye kitabu cha gari au kwenye kibati cha giaboksi, alafu unaitafuta namba hiyohiyo nyuma ya dumu. Kwa Allison spec zao zinaanza na TES, utakutana na TES 389, hiyo ni daraja la kawaida, na TES 295 ambayo ni sinthetiki inayovumilia joto na kukaa muda mrefu, na siku hizi TES 668 iliyokuja kuchukua nafasi ya 295. Kama lori linapiga kazi ya kusimama na kuondoka mara mia kwa siku, la taka, la kuchanganya zege, basi la mjini, mi nasema usihangaike na 389, weka ile ya juu, kwasababu hapo konveta inachemsha oili muda wote. Lori linalotembea barabara ndefu bila presha, 389 inatosha ilimradi uibadili kwa wakati wake. Ila ukichanganya hizo mbili usijipe muda wa kubadili wa sinthetiki, hesabu kwa muda mfupi wa ile ya kawaida.

Kwa pikapu kubwa za Marekani ni majina mengine: GM wana Dexron, Ford wana Mercon, Ram nyingi za miaka ya nyuma ni ATF+4. Angalia sana herufi za mwisho. Mercon V na Mercon LV sio kitu kimoja, na Mercon ULV ni nyepesi zaidi ya zote, imetengenezwa kwa zile gia 10, ukiimwaga kwenye giaboksi ya LV umeharibu, na kinyume chake vilevile. Dexron VI inaweza kuingia kwenye giaboksi za GM zilizokuwa zinatumia Dexron III japo ni nyepesi kidogo, ikiwa mpya haizidi cSt 6.4 (kipimo cha uzito, yaani unene wa oili) kwenye joto la 100°C, ila inashikilia uzito wake badala ya kuwa maji baada ya muda. Na Dexron III yenyewe GM walishaacha kuitolea leseni zamani, kwahiyo dumu jipya lenye maneno hayo hakuna anayelikagua tena, unamwamini aliyelijaza tu.

Hapohapo jifunze kusoma maneno ya kwenye dumu. "Imeidhinishwa" ikiwa na namba ya kibali ni kitu kingine, na "inafaa kwa" ni kitu kingine kabisa. Ya pili ni maneno ya muuzaji. Zile oili za "magari yote" zenye orodha ya spec 40, nyingine ni nzuri tu, lakini jiulize inawezekanaje oili moja iwe na uzito wa Dexron III na wa ULV kwa wakati mmoja, haiwezekani.

Haya, dawa, yaani zile chupa za kuongezea kwenye oili. Hapa ndo hela za watu zinapotelea. Oili yenye kibali tayari imeshawekwa dawa zake kiwandani, za kuzuia povu, kutu, kuchakaa, za kulainisha sili na za kurekebisha msuguano, na imepimwa ikiwa hivyo hivyo, ukiongeza chupa yako hapo juu umetengeneza oili mpya ambayo hakuna aliyeipima. Allison wanakataza kuongeza dawa na unaweza kupoteza waranti kwa hilo. Lakini tuseme ukweli, chupa zote sio sawa.

Ile ya kutuliza mtetemo, ina viungo vya kurekebisha msuguano. Kuna ule mtetemo unaokuja klachi ya konveta ikifunga ukiwa kwenye mwendo wa kati, unahisi kama umepita juu ya rasta, na mara nyingi chanzo ni oili iliyochoka. Badili oili kwanza. Ukibaki mtetemo na giaboksi haiko kwenye waranti, hii ndo dawa pekee ambayo mi sitakugombeza ukiijaribu, kwa kipimo chake, sio chupa mbili kwasababu gari ni kubwa.

Ya kuvimbisha sili inaweza kupunguza mvujo mdogo wa raba iliyokauka, ila baadhi zinailainisha raba mpaka inakuwa kama uji na mvujo unarudi mkubwa, na kumbuka kuna sili ndani kwenye pistoni za klachi ambazo huzioni. Angalia kwanza gasketi ya sampo (trei ya oili chini ya giaboksi) na mipira ya kula, mvujo mwingi uko huko nje.

Ya "kuzuia gia kuteleza" kazi yake kubwa ni kuifanya oili iwe nzito. Pleti ikishaungua imeungua, utapata wiki mbili tatu za raha kisha unarudi palepale, sanasana inamsaidia anayetaka kuuza gari haraka. Na dawa za injini zenye molibdenamu usizikaribishe kabisa, zinatelezesha hata pleti.

Ya kusafisha ndani kwenye giaboksi iliyochoka ni kamari, inabandua uchafu uliotulia na kuupeleka kwenye vali na solenoidi.

Kwenye kumwaga, jua kwamba ukifungua sampo haitoki yote, theluthi moja hadi nusu inabaki kwenye konveta na kula. Kwahiyo ukihama spec unahitaji kumwaga zaidi ya mara moja ukitembeza gari katikati, na filta ibadilishwe. Kupima levo ni oili ikiwa ya moto, gari sehemu tambarare, handibreki imevutwa, injini inanguruma saileni (bila kukanyaga mafuta), gia nyutro, kwa Allison oili iwe kati ya 71 na 93°C. Ukijaza kupita kiasi meno yanaipiga inatoka povu, na povu halibebi presha.

Ukikuta oili ya pinki kama maziwa simama hapohapo, maji ya rejeta yameingia kupitia kula, na ile glaikoli inabandua gundi ya pleti, hapo hakuna oili wala dawa itakayosaidia, giaboksi inafunguliwa. Ukikuta nyeusi inanuka kuungua, tafuta joto linatoka wapi kabla hujajaza mpya, kula iliyoziba ndo ya kwanza kukagua, maana kila nyuzi 10 zikipanda, oili inachoka karibu mara mbili ya kasi ya mwanzo.

Ukimaliza andika jina la oili, spec, tarehe na kilomita, bandika mlangoni upande wa dereva, ili fundi wa zamu nyingine asije akaongeza kitu tofauti usiku.