Vipimo vya chakula kwa praktiko ya baiolojia: wanga, protini, mafuta, na sukrosi inayosumbua

Huu ni mwongozo wa mwanafunzi wa kidato cha tatu au cha nne, na wa mwalimu anayeandaa maabara usiku wa kuamkia praktiko. Vipimo ni vitano. Vinne ni vyepesi ukifuata mpangilio. Cha tano, cha sukrosi (sukari ya kawaida ya dukani), ndicho kinachoharibu majibu ya wengi, kwa hiyo huko tutakaa sana.

Matayarisho

Anza na maji. Visima vingi vya Dar vina chumvi, na maji magumu ukiyatia sodiamu haidroksidi yanaweza kufanya ukungu mweupe ambao hauhusiani na chakula. Tumia maji yaliyokenekwa. Kama maabara haina, maji ya betri ya kituo cha mafuta yanafaa, ila soma lebo kwa makini, maana asidi ya betri nayo huuzwa katika chupa zinazofanana.

Chakula kigumu (muhogo, ndizi, maharage) kiponde kwenye kinu, ongeza maji, chuja kwa kitambaa. Usiruke kuponda: wanga na sukari vimo ndani ya seli, na ukuta wa selulosi usipovunjwa utapima kile kilichovuja kwenye sehemu iliyokatwa tu. Ute wa yai moja changanya na 100 cm³ za maji. Mmumunyo wa wanga: koroga 1 g ya unga wa muhogo na maji baridi kidogo kwanza, ndipo uumimine kwenye 100 cm³ za maji yanayochemka huku unakoroga. Unga mkavu ukitiwa moja kwa moja kwenye maji moto unafanya mabonge.

Kila kipimo kichukue 2 cm³ mpya kwenye testi tyubu safi. Usiendelee na kipimo kingine kwenye tyubu iliyokwisha kupimwa.

1. Wanga

Matone mawili matatu ya iodini. Buluu iliyokoza hadi nyeusi, wanga upo. Ikibaki kahawia-njano, haupo. Iodini ya duka la dawa inafaa, izimue kwa maji mpaka iwe na rangi ya chai ya rangi nyepesi. Pima sampuli ikiwa imepoa, kwa sababu kwenye joto rangi ya buluu hupotea na hurudi inapopoa tu.

2. Protini

1 cm³ ya sodiamu haidroksidi ya 10%, tikisa, kisha mrututu (kopa salfeti) wa 1% tone kwa tone, ukitikisa kila baada ya tone. Zambarau ndiyo protini. Usichemshe. Usimimine mrututu kwa haraka pia: ukizidi, buluu yake inafunika zambarau na utaandika kwamba protini haipo wakati ipo. Matone matatu hadi matano yanatosha.

3. Mafuta

Karanga au nazi: ponda, tia 2 cm³ za ethanoli, tikisa kwa nguvu, acha vitulie, kisha mimina ile ethanoli ya juu kwenye tyubu yenye maji. Weupe kama wa maziwa ni mafuta. Zima kila moto mezani kabla ya kufungua chupa ya ethanoli. Kwa maziwa yenyewe kipimo hiki hakisemi kitu, tayari ni meupe. Tumia rangi ya maabara iitwayo Sudan III, ambayo hupaka mafuta rangi nyekundu yakaelea juu.

4. Glukosi, fruktosi, maltosi na laktosi

Hizi zinaigeuza rangi Benedict, mmumunyo wa buluu wenye shaba unaotumika kupima sukari, zenyewe. Tia 2 cm³ za Benedict kwenye 2 cm³ za sampuli, weka tyubu kwenye bika ya maji yanayochemka kwa dakika tano. Buluu hugeuka kijani, njano, rangi ya chungwa, hadi mashapo mekundu ya tofali, kadiri sukari inavyozidi. Mashapo hayo ni oksidi ya shaba.

Chemsha kwenye bika ya maji, usishike tyubu juu ya mwali. Kwenye mwali mmumunyo huruka ghafla nje ya tyubu, na joto la tyubu moja haliwi sawa na la nyingine, kwa hiyo rangi huwezi kuzilinganisha.

5. Sukrosi

Sukrosi haiigeuzi Benedict. Ni glukosi na fruktosi zilizoungana kwa zile ncha ambazo zingefanya kazi hiyo. Asidi na joto huukata muungano huo, na baada ya hapo Benedict inageuka. Kwa maneno ni rahisi hivyo. Kwenye meza kuna sehemu nne za kuharibikiwa.

Kwanza chagua sampuli. Juisi ya miwa ndiyo mfano mzuri kuliko yote kwa hapa kwetu, lakini mwambie muuzaji akukamulie miwa mitupu. Ile ya kawaida ina ndimu na tangawizi: ndimu inaongeza asidi na sukari zake, tangawizi ina wanga. Ipime mapema. Kwa joto la Dar juisi iliyokaa mezani huanza kuchacha, na vijidudu huivunja sukrosi kabla hujaigusa. Ukishindwa kuipima papo hapo, iweke kwenye friji. Izimue mara kumi: 1 cm³ ya juisi kwa 9 cm³ za maji. Juisi isiyozimuliwa ina rangi yake, na njano yake ikikutana na buluu ya Benedict inatoa kijani hata kabla ya moto. Hiyo siyo sukari. Andika rangi ya kila tyubu kabla ya kuchemsha.

Sasa panga tyubu nne:

A: 2 cm³ za juisi + 1 cm³ ya maji.
B: 2 cm³ za juisi + 1 cm³ ya asidi ya haidrokloriki iliyozimuliwa.
C: 2 cm³ za mmumunyo wa 2% wa sukari nyeupe ya dukani + 1 cm³ ya maji.
D: sukari hiyohiyo + 1 cm³ ya asidi.

Yale maji ya A na C yanaweka ujazo sawa ili ulinganisho uwe wa haki. Sukari iwe nyeupe kabisa. Ya kahawia huwa na glukosi na fruktosi kidogo, na C yako haitabaki buluu.

Weka zote kwenye maji yanayochemka kwa dakika mbili hadi tatu. Usizidishe. Asidi huvunja wanga pia, polepole zaidi, na sampuli yenye wanga ikichemshwa muda mrefu itatoa sukari ambayo mwanzo haikuwemo. Kama mmumunyo uliopewa ulijibu iodini, ongeza tyubu ya tano yenye wanga na asidi, uichemshe kwa muda uleule.

Toa, poza kabisa kwenye maji baridi. Ukitia bikaboneti ya soda ya hatua inayofuata kwenye asidi ya moto, povu linafurika na nusu ya sampuli inamwagika.

Hatua inayofuata ndiyo wengi huiharakisha: kuiua asidi. Benedict hufanya kazi kwenye alkali. Asidi ikibaki, inakula kabonati iliyomo kwenye Benedict, tyubu inatoa viputo, na hata uchemshe vipi mashapo mekundu hayatokei. Mwanafunzi anaandika sukrosi haipo. Tia bikaboneti ya soda bano dogo dogo, tikisa, subiri viputo viishe, tia tena. Bano jipya lisipotoa viputo, asidi imekwisha. Kwa 1 cm³ ya asidi ya 2 M hesabu inatoa takribani 0.17 g, kwa hiyo mabano machache yanatosha. Tia kiasi hichohicho kwenye A na C.

Sodiamu haidroksidi nayo hutumika, lakini bikaboneti ni bora: inakuonyesha yenyewe ilipofika. Sodiamu haidroksidi haikuambii chochote bila karatasi ya litimasi, na ikizidi, sukari hugeuka njano hadi kahawia kwenye moto hata bila shaba.

Tia 2 cm³ za Benedict kila tyubu, dakika tano kwenye maji yanayochemka. Ziache zisimame, halafu tazama chini ya tyubu mbele ya karatasi nyeupe. Unatafuta mashapo, kijani angavu kisicho na mashapo hakihesabiki.

C ikibaki buluu na D ikawa nyekundu, kemikali na mikono yako viko sawa. D ikibaki buluu, usiandike lolote kuhusu juisi; rudi kwenye bikaboneti.

Juisi mbichi ya miwa kwa kawaida hutoa mashapo kidogo kwenye A na mengi kwenye B. Yaandike yote mawili: A inaonyesha glukosi na fruktosi zilizokuwemo, na ziada ya B juu ya A ndiyo sukrosi. Kwa C usiandike "hakuna mabadiliko". Andika kwamba rangi ya buluu ya Benedict imebaki.