Pipi bila sukari: kinachotia utamu sicho kinachogandisha

Katika pipi, kutia utamu ndiyo kazi nyepesi ya sukari. Kazi nzito ni kuwa kioo: inachemka mpaka maji yanaisha, inapoa, inakuwa ngumu na angavu, na ukiiuma inalia. Ndiyo maana anayeondoa gramu 400 za sukari akaweka stevia, yaani kitia utamu kinachotokana na majani ya mmea, hapati pipi, anapata maji matamu. Dondoo safi la stevia lina utamu mara 200 hadi 300 ya sukari, kwa hiyo unatumia punje tu, na nafasi ya zile gramu 400 inabaki wazi. Lazima ijazwe na kitu chenye mwili.

Kwa pipi ngumu, kitu hicho ni isomalti. Ina takriban nusu ya utamu wa sukari, hainyonyi unyevu upesi, na hukaa bila kugeuka kahawia kwenye joto ambalo sukari ingeshaanza kuungua. Kama neno "asili" ndilo lililokuleta jikoni, jua kwamba isomalti hutengenezwa kiwandani kutokana na sukari ya viazisukari. Hakuna mmea unaoizaa ikiwa tayari. Na ule unga mweupe wa stevia si majani yaliyosagwa, ni dondoo lililosafishwa. Majani yenyewe yana uchungu na ukijani ambao pipi angavu haiwezi kuuficha. Asali, tende na sukari ya nazi ni vya asili kabisa, lakini vyote ni sukari, kwa hiyo havina nafasi hapa.

Wengi huanza na vitia utamu vingine, erithritoli au zailitoli, kwa sababu ndizo zinazopatikana kirahisi, kisha wanadhani wamekosea kupika. Hawajakosea. Erithritoli huyeyuka kwenye nyuzi 121 za Selsiasi, na ikipoa hurudi mbio kuwa chembe nyeupe zinazomung'unyika kama chaki. Zailitoli ina utamu sawa na sukari na huyeyuka karibu nyuzi 94, lakini katika joto la kawaida la chumba haiwi kioo hata uichemshe vipi: hukaa kama gundi, kisha baada ya saa kadhaa huanza kuota chembe. Zote mbili hupoza ulimi zinapoyeyuka mdomoni, jambo zuri kwenye pipi ya mnanaa na la ajabu kidogo kwenye pipi ya kahawa.

Pipi ngumu

Andaa isomalti gramu 400, maji mililita 100, na mafuta ya mnanaa ya kutilia kwenye chakula mililita 1. Mafuta ya chungwa au limau ni mapole zaidi, unaweza kufika mililita 2. Kwa pipi za matunda utahitaji pia unga wa ndimu, yaani asidi ya sitriki, na stevia.

Kupima nusu gramu ya stevia kwa mizani ya jikoni ni kubahatisha, kwa hiyo usiipime peke yake. Changanya gramu 1 ya dondoo safi na gramu 10 za unga wa ndimu, saga pamoja mpaka visitofautike, kisha chukua gramu 5.5 za mchanganyiko huo. Hapo umepata gramu 5 za ukali na nusu gramu ya stevia kwa mkupuo mmoja, na stevia haitajikusanya kuwa madonge machungu. Soma kwanza lebo ya pakiti: stevia nyingi za mezani zimechanganywa na maltodekstrini (unga unaotokana na wanga) au erithritoli ili zijaze kijiko, na kipimo hiki hakizihusu.

Tumia sufuria nzito isiyo na mabaki ya chakula. Weka maji kwanza, isomalti juu yake, washa moto wa wastani, koroga mpaka chembe zote ziyeyuke, kisha acha kukoroga. Pangusa kingo za ndani kwa brashi iliyoloweshwa ili chembe zilizorukia pembeni zisianguke tena ndani. Tumbukiza kipimajoto bila kugusa kitako cha sufuria.

Karibu nyuzi 110 joto litaonekana kama limekwama. Halijakwama, moto unatumika kufukuza maji. Usiongeze moto kwa papara. Tazama mapovu: mwanzoni ni madogo, mengi, yenye kelele, maji yakipungua yanakuwa makubwa, mazito, yanapasuka polepole na sauti inashuka. Fikisha nyuzi 167, ondoa motoni, na chovya kitako cha sufuria kwenye maji baridi kwa sekunde tano tu ili joto lisiendelee kupanda. Kama huamini kipimajoto chako, dondosha tone kwenye maji baridi: likivunjika kwa mlio limeiva, likipinda bado.

Acha mapovu yatulie na joto lishuke hadi nyuzi 130 hivi. Hapo ndipo unapotia mafuta ya ladha na, kwa pipi za matunda, ule unga wa ndimu wenye stevia. Ukivitia mapema, harufu inaondoka na mvuke, stevia inaanza kuharibika, na asidi inaleta umanjano. Koroga taratibu, mimina kwenye vikalibu vya silikoni, na baada ya nusu saa pipi zitatoka zenyewe. Zifunge siku hiyo hiyo, moja moja, kisha ziweke kwenye chupa isiyopitisha hewa.

Katika hatua hii yote usiguse wala kuonja. Isomalti ya nyuzi 130 hunata kwenye ngozi na kuendelea kuunguza. Ikikurukia, weka mahali hapo chini ya maji ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20.

Pipi inayonata kesho yake mara nyingi ilitolewa motoni kabla ya nyuzi 165, na maji yaliyobaki ndani ndiyo yanayoilainisha. Ukiwa na uhakika na joto, shuku hewa yenye unyevu au chupa iliyoachwa wazi. Ukungu ndani ya pipi ni chembe zilizoanguka kutoka kingoni au mwiko uliozungushwa mno. Vijipovu vinatokana na kumimina kabla sufuria haijatulia. Na pipi inayoacha uchungu nyuma ya ulimi ina stevia nyingi. Punguza, usijaribu kuufunika kwa kuongeza ladha.

Pipi za kutafuna

Hapa gelatini ndiyo inayoshika umbo, kwa hiyo mbadala una uhuru zaidi. Ila epuka erithritoli: siku ya pili utatafuna mchanga. Alulosi, kitia utamu kingine cha unga, ndiyo inayofaa zaidi, kwani haigandi chembe kirahisi, zailitoli inafuata.

Nyunyiza gramu 24 za gelatini juu ya mililita 60 za maji baridi, iache dakika 10 ivimbe. Pasha mililita 90 za maji pamoja na gramu 80 za alulosi, au 60 za zailitoli, mpaka ziyeyuke. Tia gelatini, koroga kwenye moto mdogo, karibu nyuzi 60. Isichemke, kwani kuchemka kunaidhoofisha. Malizia na gramu 2 za unga wa ndimu na ladha, mimina, weka kwenye friji saa tatu. Ukitaka kutumia juisi badala ya maji, ya nanasi, papai au kiwi lazima ichemshwe kwanza na kupozwa, maana ikiwa mbichi ina vimeng'enya vinavyokata gelatini na mchanganyiko hautaganda kamwe.

Pipi hizi zina maji mengi na hazina ile sukari nyingi inayozuia kuvu kwenye pipi za kawaida. Zikae kwenye friji, ziliwe ndani ya wiki moja.

Tumbo pia lina kikomo chake. Isomalti na zailitoli hazimeng'enywi zote. Zinazofika utumbo mpana huleta gesi, na zikizidi huharisha. Pipi tano za gramu 4 kila moja tayari ni gramu 20, basi anza na mbili au tatu. Kwa mwenye kisukari, isomalti hupandisha sukari ya damu kidogo sana, lakini ina kalori, takriban 2 kwa kila gramu. Nyumba yenye mbwa isiache zailitoli mezani hata punje: kwa mbwa ni sumu, hushusha sukari yake ya damu ghafla na inaweza kumuua.

Mkupuo wa pipi ngumu ulioharibika hautupwi, mradi haujatiwa asidi. Urudishe kwenye sufuria na vijiko vitatu vya maji, yeyusha, na upandishe tena mpaka nyuzi 167. Uliokwisha kutiwa asidi utageuka manjano, kwa hiyo ugeuze kuwa pipi za rangi ya chungwa.