Somo: Kujua medali ya Napoleon iligongwa lini

Wakuu, nimechoka kutumiwa picha na swali lilelile: "Imeandikwa 1805, si ndiyo ya 1805?" Nasema hapa mara moja.

1. Nawa mikono, kausha, shika ukingoni.
2. Pima kipenyo na uzito.
3. Soma mbele na nyuma. Mwaka ulioandikwa ni wa tukio, iwe vita, reli au maonyesho.
4. Geuza uone ukingo. Hapa ndipo watu wanapigwa. Kiwanda cha sarafu cha Paris kilitunza mihuri yake ya chuma na kuendelea kugonga medali zilezile miaka na miaka. Mwaka 1832 kilianza kutia alama ndogo ukingoni: taa ya kale hadi 1841, kisha nanga, omo ya meli 1842 hadi 1845, mkono wenye kidole kilichonyooshwa hadi 1860, nyuki hadi 1879, na tangu 1880 pembe iliyojaa matunda. Kando yake kuna metali: CUIVRE ni shaba nyekundu, ARGENT ni fedha. Ukiona pembe, Napoleon alishazikwa zamani. Angalizo: ukingo mtupu si ushahidi wa ukale, maana wajanja hufuta alama kwa tupa. Inamishe chini ya taa. Ukikuta mikwaruzo sehemu moja tu, mrudishie mwenyewe.
5. Usisafishe.

MASWALI

Mzee wa Dili: Ninayo ya 1805, bei gani?
— Hatua ya 4.

Mzee wa Dili: Nimeisugua kwa ndimu na chumvi, inang'aa, ila alama sizielewi.
— Hatua ya 5 ina neno moja, mkuu. Ile kahawia ilipakwa kiwandani makusudi. Sasa basi.

Binti Pwani: Samahani mkuu, nywele nyembamba vile za kwenye sura ya medali walichongaje?
— Swali zuri dada. Zamani fundi alichonga muhuri kwa mkono, kinyumenyume. Baadaye msanii akawa anafinyanga umbo kubwa: ncha moja ya mashine inatambaa juu yake, nyingine inakata chuma kwa udogo. Mashine ya Mfaransa Janvier, 1899, ndiyo iliyotamba. Na picha iliyoinuka sana haitoki kwa pigo moja; medali inapashwa moto ilainike, inagongwa tena.

Binti Pwani: Na zile nyeupe za Uingereza?
— Mchanganyiko wenye bati nyingi. Rahisi, hata kibarua alimudu medali ya kumbukumbu ya handaki la chini ya mto Thames, London, lilipofunguliwa 1843. Zinachubuka upesi.

Kibuyu: Nazihifadhi kwenye plastiki laini, sawa?
— Kama ni PVC, aina ya plastiki yenye klorini, toa leo. Inaachia asidi, shaba inaota kijani. Tumia bahasha za karatasi isiyo na asidi.