Umepushi na saiti bado ni ile ya jana? Anzia hapa

Mteja yuko Kilimani anakupigia anauliza mbona haoni mabadiliko, na wewe umepushi (umetuma code mpya kwa git) kitambo. Usipushi tena ukiomba Mungu. Kwanza jua imekwama wapi, kujenga imeji (kifurushi cha programu yako na vitu inavyohitaji), kuipeleka rejista (stoo ya imeji) ama seva kuiwasha, maana kila moja iko na logu yake, yaani rekodi ya kilichotokea.

Kama kujenga ndiko kumefeli, panda juu kwa logu utafute erori ya kwanza, zile za chini huwa makelele tu. Mara nyingi ni `npm ci` (amri ya kusakinisha pakeji za Node.js) inalia juu uliongeza pakeji na hukukomiti package-lock.json, ile faili ya orodha ya pakeji na matoleo yake, ama ni jina la faili: kwa Windows na Mac, Lipa.js na lipa.js kawaida huwa kitu kimoja, lakini mashine ya kujengea ni Linux na huko hizo ni faili mbili tofauti kabisa. Ukiona namba 137, kontena (boksi ambalo programu hukimbia ndani yake) imeuliwa, na mshukiwa wa kwanza ni memori kuisha.

Sasa ile inasumbua watu sana: imeji imejengwa poa, kontena inawaka na kuzima. Cloud Run (huduma ya Google ya kuendesha kontena) inakupa poti, yaani namba ya mlango wa kusikiliza, kupitia PORT, kawaida 8080, na wewe umeandika 3000 kwa mkono, ama programu inasikiliza 127.0.0.1 peke yake kwa hivyo inajiongelesha tu ndani ya kontena, na toleo la zamani linaendelea kuhudumia watu. Weka hivi:

`app.listen(process.env.PORT || 8080, '0.0.0.0')`

Poti ikiwa sawa, angalia siri zako. Faili ya .env, ile unawekanga siri ukiwa kwa laptop, kawaida haiendi na git (na isiwahi enda, tafadhali), kwa hivyo funguo za Daraja (API ya M-Pesa ya Safaricom) uziweke kwa mipangilio ya seva, na uhakikishe si zile za sandbox (za majaribio), la sivyo malipo ya M-Pesa yatakubali kwa laptop na kukataa kwa live.

Tiki ni ya kijani kila mahali na bado ni ya zamani? Hiyo ni kashe ya brauza (nakala ya zamani imehifadhi), ama tagi (lebo ya imeji) ya `latest`: seva ikiwa nayo tayari inaweza kukataa kuvuta mpya. Tumia namba ya komiti kama tagi.

Na kama simu zimezidi, rudisha toleo la jana kwanza, kosa utatafuta ukiwa umetulia. Ila kama maigresheni yako (skripti ya kubadilisha muundo wa databesi) ilifuta kolamu kwa databesi, toleo la jana litaanguka pia, ndio maana kufuta kolamu mimi huacha mpaka toleo jipya likae siku kadhaa bila shida.